Tundu la Sita: Hotuba juu ya Rivolva za Kukoki kwa Kidole Gumba

Mheshimiwa Mwenyekiti, Bwana Msimamizi wa uwanja wa shabaha, wanachama wenzangu, nanyi wageni wetu mliotoka Njoro, Molo, Kericho na hata Kisumu kuja kutusikiliza hapa Nakuru, hamjambo.

Nilipoombwa kuzungumza juu ya kumiliki na kupiga rivolva za kale, zile ambazo vijana wetu huziita bastola za kauboi, Mwenyekiti alinionya nisigeuze mkutano huu kuwa somo la historia. Nitajitahidi, ingawa mtu aliyeshika tupa na bisibisi kwa zaidi ya miaka thelathini huwa hana breki nzuri akianza kusimulia. Nimechagua kitu kimoja tu cha kuzungumzia, nacho si chuma wala baruti. Ni tundu tupu. Rivolva yangu ina matundu sita katika silinda yake, ile ngoma inayozunguka na kubeba risasi, nami hujaza matano. Kila mgeni anayesimama kando yangu uwanjani huuliza kwa nini ninaacha moja, na jibu la swali hilo, ukilifuata hadi mwisho wake, linakuonyesha bastola hizi zilivyoundwa, zilivyotumika, na namna ya kuishi nazo nyumba moja.

Nianze na Molo. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado fundi wa silaha katika utumishi, tuliitwa nyumbani kwa mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Watoto walikuwa wakihamisha kabati la nguo, wakakuta juu yake kifurushi kilichofungwa kwa leso kuukuu, na ndani yake mlikuwa na rivolva ambayo marehemu hakuwahi kumtajia mtu yeyote. Mama yule alikuwa na busara kuliko wengi niliowajua kazini: hakuigusa, aliwatoa watoto nje, akafunga mlango, akamtuma kijana kwa chifu. Tulipofika niliichukua nikatoka nayo nyuma ya nyumba, nikaielekeza kwenye matuta ya viazi, nikavuta nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi, hadi hatua ya pili, nikafungua kilango cha kujazia, nikaanza kusukuma risasi moja moja zianguke ndani ya kofia yangu. Nilihesabu sita. Ile ya sita, iliyokuwa chini ya nyundo, ilikuwa na kovu dogo linalong'aa, mfano wa kichwa cha pini, katikati ya fataki yake, yaani kile kifuniko kidogo nyuma ya risasi kinachowasha baruti kikigongwa. Hapo ndipo ncha ya nyundo ilipokuwa imeegemea miaka yote hiyo. Na asubuhi ile kabati lilikuwa limesukumwa na vijana wanne, likagonga ukuta mara mbili kabla kifurushi hakijaonekana.

Nitalirudia kovu lile. Kwanza tuelewane juu ya kifaa chenyewe, kwa kuwa wengi wenu mmezoea bastola za magazini, zile za kasha la risasi ndani ya mpini, na wachache mmewahi kupiga rivolva za Webley walizobeba maofisa wa wakati wa ukoloni. Katika Webley, ukivuta kifyatulio peke yake, nyundo inarudi nyuma, silinda inazunguka, nyundo inaanguka, risasi inatoka. Kifyatulio kimoja kinafanya kazi yote. Katika rivolva ninayoizungumzia leo, kifyatulio hakina uwezo wowote mpaka kidole gumba kiivute nyundo kwanza, yaani kuikoki. Unapoivuta, kijino kilichofichwa ndani, ambacho mafundi hukiita kidole, kinasukuma meno yaliyo nyuma ya silinda na kuizungusha sehemu moja ya sita ya duara. Wakati huohuo komeo dogo lililo chini ya silinda linashuka kuiachilia, kisha linapanda tena kuifunga tundu jipya linapolingana na mtutu. Kazi iliyobaki kwa kifyatulio ni kuiachilia nyundo, basi. Ndiyo maana mvuto wake ni mwepesi na mfupi, na ndiyo maana kila risasi inakudai uamuzi wake. Hakuna risasi ya pili inayotoka kwa sababu kidole kilikuwa na haraka.

Ukiivuta nyundo ya Colt, rivolva mashuhuri ya mfumo huu, polepole mahali palipo kimya, utasikia milio minne. Wa kwanza ni wa mkato wa usalama, unaoiinua nyundo kidogo tu kutoka kwenye fataki. Wa pili ni wa hatua ya nusu, ambapo silinda inazunguka huru ili uweze kujaza. Wa tatu ni wa komeo kuruka na kugusa silinda, na wa nne ni wa nyundo kukaa tayari. Wamarekani hupenda kusema kwamba milio hiyo minne inataja herufi nne za jina la Colt. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waisikilize kama daktari anavyosikiliza moyo: mlio ukichelewa, ukidhoofika au ukikosekana, kuna kipande ndani kinachoomba msaada.

Samuel Colt alizaliwa Hartford, jimbo la Connecticut, mwaka 1814. Alipata hataza yake Uingereza mwaka 1835 na Marekani mwaka 1836, akafungua kiwanda mjini Paterson, New Jersey, nacho kikafilisika mwaka 1842. Kilichomwinua tena ni oda ya rivolva kubwa za mwaka 1847 alizozibuni pamoja na Samuel Walker, mpiganaji wa Texas. Mwaka 1851 alipeleka bidhaa zake kwenye Maonyesho Makuu ya London, na muda mfupi baadaye akawa na kiwanda katika jiji hilohilo, ingawa hakikudumu. Rivolva zote hizo zilijazwa kwa mbele kama gobori: baruti, kisha risasi, kisha fataki nyuma ya kila tundu.

Hapa pana jambo ambalo hunistaajabisha kila nikilifikiria. Katika rivolva zile za fataki, Colt aliweka vijipini vidogo nyuma ya silinda, kati ya tundu na tundu, ili nyundo iweze kulala kati ya matundu bila kugusa fataki yoyote. Rivolva za kampuni ya Remington za wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani zilikuwa na vijifuo vya kazi hiyohiyo, tena vizuri zaidi. Mtu aliweza kujaza sita na bado nyundo ikalala mahali salama. Kisha zikaja risasi za ganda la shaba. Kampuni ya Smith & Wesson ilikuwa imeshika haki ya hataza ya Rollin White ya mwaka 1855, ya silinda iliyotobolewa kutoka nyuma hadi mbele, na hataza hiyo ilikwisha mwaka 1869. Colt walipokuja na rivolva yao mpya ya mwaka 1873, vijipini havikuwamo tena. Badala yake waliutegemea ule mkato wa usalama ndani ya nyundo, ambao unashikiliwa na ncha nyembamba ya kifyatulio. Bastola ikianguka na nyundo ikatangulia chini, ncha ile hukatika au mkato hubomoka, na msumari wa nyundo, yaani ile ncha yake, hupiga fataki. Kwa maneno mengine, bastola mashuhuri kuliko zote za aina yake ilirudi nyuma hatua moja kwa usalama kuliko baba zake. Sijawahi kuusikia utetezi wa jambo hili ulioniridhisha.

Na bado iliuzika. Jeshi la Marekani liliagiza 8,000 katika oda ya kwanza, likaendelea nayo hadi ilipochukuliwa na rivolva nyingine mwaka 1892. Zilikuwapo za mtutu wa inchi 7½ kwa wapanda farasi, za inchi 5½, na za inchi 4¾ ambazo raia walizipenda kiunoni. Kufikia mwanzo wa Vita Vikuu vya Pili kiwanda kilikuwa kimetengeneza zaidi ya 350,000, kikasimama, kisha kikaanza upya mwaka 1956 kwa sababu wateja hawakuacha kuulizia.

Sasa turudi kwenye kovu lile la Molo na tundu tupu: nyundo ikilala juu ya tundu tupu, pigo halina fataki ya kugonga. Mwezi wa Januari mwaka 1876, mjini Wichita, Kansas, polisi mmoja alikuwa ameketi na wenzake katika chumba cha nyuma cha baa. Rivolva ilimteleza kutoka kwenye ala, nyundo ikagonga kiti, risasi ikatoka, ikapita katika koti lake na kwenda darini. Waliokuwamo walitawanyika, mmoja wao akidhani wameshambuliwa kupitia dirishani. Polisi huyo aliitwa Wyatt Earp, yule ambaye baadaye sinema zilimfanya kuwa bingwa wa bastola asiyekosea. Gazeti la mji liliiandika habari hiyo kwa dhihaka. Ninaitaja kwa sababu kila mara kijana akiniambia kwamba yeye ni mwangalifu na hivyo anaweza kujaza sita, humwuliza kama yeye ni mwangalifu kumshinda Wyatt Earp, naye hujibu ndiyo, maana ujana ndivyo ulivyo.

Namna ya kujaza ni hii, na ninaomba muisikilize bila kuandika, kwa kuwa mikono ndiyo itakayoikumbuka. Vuta nyundo hadi hatua ya nusu, mdomo wa mtutu ukielekea kwenye tuta la udongo la uwanjani. Fungua kilango. Ingiza risasi moja. Zungusha silinda, ruka tundu moja. Ingiza nne zinazofuata, moja baada ya nyingine. Funga kilango. Vuta nyundo mpaka mwisho, uishike kwa kidole gumba, ubonyeze kifyatulio, uishushe taratibu hadi chini. Ukiwa umehesabu sawasawa, itakuwa imelala juu ya tundu tupu. Moja, ruka, nne, koki, shusha. Mimi husema maneno hayo kwa sauti hata leo, na sioni haya mbele ya wageni.

Hatua ya kuvuta mpaka mwisho kabla ya kushusha si ya mapambo. Watu wengi, baada ya kujaza, huishusha nyundo moja kwa moja kutoka hatua ya nusu. Mambo mawili mabaya hutokea. La kwanza, hesabu inavurugika na tundu tupu haliko tena mahali pake. La pili, komeo linainuka na kukwaruza silinda inapozunguka, na baada ya muda linachora mstari wa duara kwenye rangi yake. Ukienda kununua rivolva iliyokwisha tumika, angalia mstari huo kabla ya kuuliza bei. Unakuambia tabia za mwenye nyumba aliyehama. Silinda isiyo na mstari ilikuwa mikononi mwa mtu aliyefundishwa, au haikupigwa kabisa. Yenye mstari mzito ilikuwa ya mtu aliyependa kuichezea mbele ya kioo.

Nikiwa hapo hapo kwenye kununua, niongeze machache. Tazama vichwa vya skrubu: vikiwa vimechanika, mtu aliingia mle kwa bisibisi ya kufungulia soketi ya stima. Koki polepole huku ukiikaza silinda kidogo kwa kidole cha mkono wa pili, uone kama komeo linaifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Likiwa halifungi, risasi itatoka tundu likiwa halijalingana na mtutu, na vipande vya risasi vitamrukia jirani yako. Tazama pia nafasi kati ya silinda na mtutu dhidi ya mwanga. Sehemu moja ya kumi ya milimita hivi, au zaidi kidogo, inatosha. Katika nafasi hiyo gesi ya moto hutoka kwa pembeni kila unapopiga, kwa hiyo vidole vya mkono wa kushoto havina ruhusa ya kufika mbele ya silinda. Mwenzetu mmoja, aliyezoea bastola za magazini, alisahau mara moja. Kidole kilipona. Glavu haikupona.

Kuhusu aina, nitapita upesi. Colt za asili ni ghali na zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1900 ziliundwa kwa baruti nyeusi. Kuzipigia risasi za baruti ya kisasa ni kuzitendea ukatili, na huenda ni kujitendea mwenyewe. Mwenye nayo aihifadhi, aisafishe, aionyeshe wajukuu ikiwa tupu. Kwa uwanjani zipo nakala za Kiitaliano kutoka mkoa wa Brescia, za kampuni za Uberti na Pietta, nazo ni bastola nzuri kwa bei yake, ila zilizo nyingi zimerithi pia ule mkato dhaifu wa usalama. Kisha zipo Ruger. Kampuni hiyo ilianza na Single-Six ya risasi ndogo ya .22 (namba hizi hutaja upana wa risasi kwa inchi) mwaka 1953, ikaondoa springi za bapa zilizokuwa zikivunjika katika Colt na kuweka za mviringo, kisha mwaka 1973 ikaleta muundo mpya wenye kipande kinachopanda kati ya nyundo na msumari pale tu kifyatulio kinapovutwa. Rivolva yenye kipande hicho unaweza kuijaza sita. Ruger za kabla ya mwaka huo zijazwe tano, na kampuni yenyewe imekuwa ikizibadilisha za zamani bila malipo zikirudishwa kiwandani. Niseme maoni yangu waziwazi: kwa mtu anayeanza, Ruger mpya ya .22 ni chaguo la akili. Mimi nina ya Kiitaliano ya .45, mtutu wa inchi 5½, kwa sababu moyo haushauriwi.

Binti mmoja aliniuliza asubuhi kama bastola hii inafaa kwa kujilinda. La, binti yangu. Kuijaza upya ni kufungua kilango, kusukuma maganda moja moja kwa kijiti kilicho chini ya mtutu, na kuingiza risasi moja moja. Kufikia hapo mwizi wako ameshafika Salgaa. Wanaotafuta cheti cha kumiliki silaha kwa sababu ya ulinzi waangalie kwingine. Na kwa kuwa uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku nchini mwetu mwaka 1977, kinachobaki kwa rivolva hizi ni karatasi ya shabaha, sahani ya chuma, na furaha ya kuona kifaa cha muundo wa karne ya kumi na tisa kikifanya kazi yake.

Kuhusu sheria sitachukua nafasi ya mawakili waliopo hapa. Nitasema tu kwamba Katiba yetu haimpi mtu haki ya kuwa na bunduki. Ni Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inayompa kibali, kwa cheti chenye jina lake, aina ya silaha na idadi ya risasi. Bastola inayokubali risasi za leo na kuzipiga ni bunduki, hata kama umbo lake ni la mwaka 1873 na mwenyewe anaiita pambo. Tena cheti hakirithiwi pamoja na shamba. Mzee akifariki, familia isingoje matanga yaishe ndipo ianze kuulizana; iripoti kituoni, iache silaha ilipo, isubiri anayejua kuifungua. Mama wa Molo alilifanya hilo bila kufundishwa na mtu.

Risasi ndizo zinazowachosha wamiliki wengi. Yangu inatumia .45 Colt, si .45 ACP ya bastola za magazini, na tofauti hiyo imenigharimu. Mara moja niliagiza kwa muuzaji fulani, nikasubiri miezi mitano, nikaenda kwa furaha, nikafunguliwa boksi la .45 ACP. Ganda lake lina urefu wa milimita 23 hivi, wakati langu linakaribia 33, tena halina ukingo wa nyuma wa kulizuia, kwa hiyo linazama ndani ya tundu kama sarafu kisimani. Muuzaji alisisitiza kwamba arobaini na tano ni arobaini na tano. Tulibishana kwa adabu kwa muda mrefu. Niliondoka mikono mitupu, na karatasi zikaanza safari upya.

Na kosa jingine lilikuwa langu mwenyewe, simsingizii mtu. Rivolva hizi hazina mtambo wa kurekebisha shabaha. Nyuma kuna mfereji uliochongwa juu ya fremu, mbele kuna kijembe kilichosimama juu ya mtutu, basi. Yangu ilipiga chini, sentimita nane hivi kwa umbali wa mita 15. Dawa yake inajulikana: unapunguza kijembe cha mbele kwa tupa, nayo inapiga juu zaidi. Kwa mtutu wa urefu huo, milimita moja ya kijembe ni karibu sentimita tisa kwenye karatasi kwa umbali wa mita 15, kwa hiyo tunazungumzia mikwaruzo michache tu. Nilipiga tupa, nikapima, nikapiga tena, mpaka ikalenga katikati kama uzi. Nilijisifu wiki nzima. Kisha risasi zile zikaisha. Zilikuwa nyepesi, za greini 200. Zilizofuata zilikuwa za greini 250, uzito wa jadi wa risasi hii, karibu gramu 16. Risasi nzito inakaa muda mrefu zaidi ndani ya mtutu na teke lake ni kubwa, hivyo mdomo wa mtutu unakuwa umeinuka zaidi inapotoka. Zote zikapanda juu ya duara, na chuma nilichokipunguza hakingeweza kurudi. Fundi mwenzangu mwenye leseni aliniongezea kijembe kwa kulehemu fedha, na kila tukikutana hunisalimu kwa kuniuliza kama bado nina tupa. Kwa hiyo, ndugu zangu, chagueni kwanza risasi mtakayoipata mwaka hadi mwaka, ndipo mguse chuma.

Husemekana kwamba jina la Nakuru linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi, na mtu aliyesimama uwanjani kwetu mwezi wa Februari, upepo ukishuka kutoka Menengai, hatabisha. Vumbi hilo na mafuta mazito vikikutana ndani ya fremu vinakuwa msasa. Nimefungua bastola za wanachama nikakuta uji wa kijivu umelizunguka komeo. Tumieni mafuta mepesi, tone moja kwenye mhimili wa silinda, tone moja kwenye kile kijino kiitwacho kidole, kisha mfute mpaka mdhani mmeyaondoa yote. Wanaopiga baruti nyeusi, ambayo ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, wajue kwamba masizi yake hunyonya unyevu wa hewa na kuleta kutu usiku huohuo. Mafuta pekee hayaondoi masizi hayo. Maji ya moto na sabuni ndiyo dawa, kisha ukaushe vizuri, ndipo yaje mafuta.

Kuhusu kupiga kwenyewe, mpini wa rivolva hizi umepinda kama wa jembe la kukokotwa na ng'ombe, nao haukukusudiwa kupigana na teke. Uache uzunguke kidogo kiganjani. Teke linainua mtutu na kukuletea nyundo karibu na kidole gumba, tayari kwa kukoki tena. Anayeukaba mpini kwa nguvu huumia kifundo cha mkono na hulenga vibaya. Nyundo yake ni nzito na husafiri mbali kabla ya kugonga fataki, kwa hiyo kuna kitambo kidogo kati ya kifyatulio kuachia na risasi kutoka. Katika kitambo hicho mpigaji asiye na subira huwa ameshainua kichwa kutazama kama amepata. Tulia. Endelea kutazama kijembe cha mbele mpaka mlio upite. Ninafundisha hilo kuliko jambo lingine lolote, na ndilo linalowasaidia hata wale wanaorudi kwenye bastola zao za magazini.

Huko Marekani kuna mchezo mzima uliojengwa juu ya silaha hizi. Ulianza California katika miaka ya 1980, na shirika lake kubwa, linalojulikana kwa kifupi kama SASS, liliundwa mwaka 1987. Washindani huvaa kofia pana na viatu vya ngozi, hujipa majina ya kubuni, na hupiga sahani za chuma kwa kufuata hadithi. Mengine ni mzaha. Lakini angalieni hesabu yao: mshindani huwa na rivolva mbili, na kwa kawaida hupiga risasi kumi za bastola katika zamu moja. Tano na tano. Hujazia kwenye meza maalumu, mtu wa pili akikagua kwamba nyundo imelala juu ya tundu tupu, na anayekutwa vingine huadhibiwa. Wazee wao husimulia kwamba makauboi walikuwa wakikunja noti na kuiweka katika tundu lile, iwe ya kulipia jeneza. Sina hakika kama kauboi wa kawaida alikuwa na noti ya kuweka, ila hadithi yenyewe inapendeza.

Nimemwomba Bwana Msimamizi atuandalie meza kama hiyo upande wa kushoto wa uwanja. Juu yake kuna rivolva mbili tupu, zilizokaguliwa na watu wawili, na kisanduku cha risasi bandia za alumini zisizo na baruti wala fataki. Tundu la sita la silinda ya pili nimelipaka chokaa nyeupe ili macho yalizoee. Kila mmoja wenu atajaza mara tatu, kwa sauti, nami nitasimama kando na kusikiliza: moja, ruka, nne, koki, shusha. Atakayekuta nyundo yake haiko juu ya chokaa ataanza upya, na Mwenyekiti amekubali kuwa wa kwanza. Miwani na vizibo vya masikio viko mlangoni. Asanteni, na karibuni nje.